Vitanda vya Mlimani

Ukitaka kujua serikali ilimtazama vipi mwanafunzi wa chuo kikuu katika mwaka fulani, usihangaike na hotuba za mahafali. Uliza chumba kimoja cha bweni kililaza watu wangapi, nani alikifagia, chakula kilitoka wapi, na bili ililetwa kwa nani. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam majibu ya maswali hayo yamegeuka mara kadhaa tangu 1964, na mara nyingi yaligeuka kwa ugomvi.

Chuo chenyewe kilianza bila kilima. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, chuo kikuu kishiriki kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha London kilifungua kitivo cha sheria kwa wanafunzi 14 katika jengo la TANU, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia nje ya mji, kwenye kilima cha Observation, na ndipo jina la Mlimani likazaliwa. Kule juu yalijengwa madarasa, maktaba, na mabweni yaliyopewa namba tu: Hall I, Hall II, na kuendelea.

Majengo hayo yalikuja na mila zake. Waingereza waliamini kwamba nusu ya elimu ya chuo kikuu hupatikana nje ya darasa, kwa vijana kulala, kula na kubishana mahali pamoja chini ya mlezi wa bweni. Makerere ilikuwa imeitumia mila hiyo kwa miaka mingi, na Julius Nyerere mwenyewe aliionja huko kati ya 1943 na 1945. Hata hivyo Makerere ilikwisha onyesha kwamba bweni lina tabia ya kumgeuka aliyelijenga. Mwaka 1952 wanafunzi wake waligomea chakula cha chuo, na Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wa mgomo, akafukuzwa. Ukiwaweka vijana mamia kwenye meza moja mara tatu kwa siku, watalalamikia maharage kwanza, kisha yatafuata mengine. Hilo walimu wa shule zote za bweni wanalijua.

Mwanafunzi wa Mlimani wa miaka ile ya kwanza aliishi vizuri kuliko karibu kila mtu wa rika lake nchini. Alikuwa na chumba cha peke yake au cha kushirikiana na mwenzake mmoja, meza ya kusomea, chakula kilichopikwa na wafanyakazi wa chuo, na upepo wa bahari. Kwa kuwa Dar es Salaam ndiyo iliyofundisha sheria kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoundwa 1963, Mkenya, Mganda na Mtanzania walikutana kwenye korido moja. Wazazi wao wengi walikuwa wakulima wa jembe la mkono.

Pengo hilo ndilo lililolipuka Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wahitimu watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo watapata asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, na moja lilidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa nafuu. Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akazungumza kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawarudisha vijana karibu 400 makwao. Walipelekwa kufungasha vitu vyao chini ya ulinzi wa polisi, na vyumba vya Watanzania vikabaki vitupu huku Wakenya na Waganda wakiendelea na masomo. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Kwa macho yangu, adhabu ile ilichaguliwa kwa ustadi: ilimtoa msomi kwenye chumba chenye kitasa na kumrejesha kwenye kijiji kilichomlipia karo. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha.

Waliorudi, na waliofuata, walikuta Mlimani nyingine. Mwaka 1967 Yoweri Museveni alifika kutoka Uganda, na mwaka huohuo ikaundwa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, yeye akiwa mwenyekiti. Waganda wenzake Eriya Kategaya na James Wapakhabulo walikuwa hapohapo, na Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa baadaye wa Kenya, alisoma sheria Mlimani miaka hiyohiyo. Walter Rodney alikuwa mwalimu asiyechoka kubishana na wanafunzi baada ya saa za kazi. Kulikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, mahali ambapo wengine wangekuwa kanisani au wamelala. Mwaka 1968 vijana wa USARF walivuruga sherehe ya wanafunzi ya kuvaa vinyago na matambara mitaani ili kuchangisha fedha za maskini, mila nyingine iliyoletwa kutoka Uingereza. Walisema ni dhihaka. Jarida lao, Cheche, lilianza 1969 kwa kuchapwa kwa stensili. Ndani yake Issa Shivji alitoa uchambuzi wake wa matabaka uliowakera wakubwa. Novemba 1970 serikali ikapiga marufuku jarida na umoja wenyewe.

Sidhani kwamba mambo hayo yangewezekana kwa wanafunzi wanaokwenda na kurudi kila siku. Kusoma Fanon kunahitaji kitabu kimoja kupita mikono kumi, na mikono hiyo iwe karibu saa tano usiku. Bweni la Nyerere liliwalea wakosoaji wa Nyerere, na kwa miaka kadhaa aliwavumilia.

Mwisho wa uvumilivu ulijitokeza kwa hatua. Julai 1971 Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, alikamatwa na kurudishwa kwao, na chuo kikaingia kwenye mgomo. Novemba 1974 Azimio la Musoma likafunga mlango wa kutoka sekondari moja kwa moja hadi chuo kikuu: ilibidi kwanza ufanye kazi miaka miwili, na uje na pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Sura za mabweni zikabadilika. Vitanda vilevile sasa vilikaliwa na makarani, walimu na maofisa, wengine wenye watoto, wanaotuma sehemu ya posho nyumbani. Serikali ilitarajia watu wazima watakuwa watulivu. Machi 1978 walishuka kilimani kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakapigwa na polisi, mamia wakafukuzwa. Chama chao kikafutwa, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, jumuiya iliyokuwa chini ya chama tawala.

Midomo ilipofungwa, kuta zikasema. Mzee Punch, mwandishi asiye na sura, alibandika vikaragosi na maneno makali usiku, na asubuhi watu walijazana kusoma. Mwanzoni alikejeli wakubwa, na wapo wazee wa Mlimani wanaomkumbuka kwa kicheko mpaka leo. Mimi sina kicheko hicho. Kadiri miaka ilivyopita, shabaha ya Punch ilihamia kwa wanafunzi wa kike: aliyekataa kutongozwa, aliyevaa vizuri, aliyefaulu kuliko wanaume. Aliyebandikwa alitengwa, kwa sababu aliyeonekana akizungumza naye angefuata yeye. Kwenye chuo cha kutwa, dada huyo angekwenda nyumbani jioni. Bwenini hapakuwa na nyumbani. Waliomchora walikula kwenye kafeteria ileile. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya mateso ya aina hiyo. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wanawake wengine walipaza sauti, na Punch akapigwa marufuku. Kila anayesifu undugu wa mabweni ya zamani ana wajibu wa kuuweka mwaka huo kwenye hesabu.

Mwaka huohuo, 1990, migomo ilisababisha chuo kufungwa kwa miezi kadhaa. Kilipofunguliwa, DARUSO ilichukua nafasi ya MUWATA, na kuanzia 1992 sera ya kuchangia gharama ikaanza kutekelezwa awamu kwa awamu. Mpishi wa chuo aliondoka, na wenye vibanda na mama lishe wakaingia. Mwanafunzi akawa mteja wa kila kitu: wali maharage, chipsi mayai, dumu la maji pale bomba linapokauka. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi 2005, posho, ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ikawa deni. Kiwango chake kilifikia shilingi 8,500 kwa siku, kisha 10,000 mwaka 2022, na siku bumu linapotoka unaweza kuijua kwa foleni ya wauza chipsi peke yake.

Udahili uliongezeka kuliko vitanda. Chumba cha wawili kikawa cha wanne au zaidi, na hapo ndipo kubebana kuliposhamiri. Mwenye kitanda humbeba rafiki aliyekosa nafasi. Wanalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, wanachangia taulo na ndoo, na mlezi wa bweni anapopita kukagua, mbebwaji anakuwa mgeni aliyekuja kuazima desa. Chuo kinakataza. Kinakataza pia hita na majiko ya umeme, ambayo hukaa chini ya vitanda vilevile. Kubebana kuna adabu yake isiyoandikwa: mbebwaji hafungui dirisha bila kuuliza, huamka kabla ya wenyeji kwenda kuoga, na bumu likitoka ananunua sukari. Watu wamemaliza shahada nzima hivyo, majina yao hayamo kwenye orodha yoyote ya mabweni. Kwa sababu chumbani hapasomeki, kusoma kulihamia nje, kwenye vimbweta, zile meza za zege chini ya miti ambako mitihani inapokaribia watu hukesha na madaftari, vitenge mabegani kwa ajili ya mbu.

Chuo kilitafuta vitanda mbali na kilima. Hosteli ya Mabibo ilipokea maelfu, ikawa mji mdogo wenye siasa zake na basi lake la asubuhi. Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua majengo 20 yenye nafasi 3,840 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa shilingi bilioni 10, na tofauti na mabweni ya zamani yenye namba, haya yalipewa jina lake. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zilizunguka kwenye simu. Wakala ulieleza kwamba ni nafasi za kawaida za kupanuka kwa jengo. Nyufa au si nyufa, walioingia walifurahi, kwa maana kila mmoja alikuwa na kitanda chenye namba yake.

Bado mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu hana hakika ya nafasi, na wengi huishia geto: chumba cha kupanga Msewe, Changanyikeni au Sinza, watatu kwa kodi moja. Geto halina mlezi wala saa ya kufunga geti. Wapo wanaolipenda kuliko bweni lolote, kwa sababu humo mtu hupika anachotaka na haombi ruhusa ya kupokea mgeni. Shida iko kwenye malipo. Wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nalo bumu hutoka kwa vipande, na kipande cha kwanza huchelewa mara kwa mara hadi wiki za masomo zimeshaanza. Katika wiki hizo vitanda vya Mlimani hubeba watu wengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.