Vivumishi vya Kiitaliano: silabi, mkazo na umbo

Kivumishi cha Kiitaliano huundwa kwa shina linalobeba maana na irabu ya mwisho inayoonyesha jinsia na idadi ya nomino inayovumishwa. Kundi la kwanza lina maumbo manne, kama rosso, rossa, rossi na rosse (-ekundu). La pili lina mawili tu, kwa kuwa grande (-kubwa) hutumika na nomino za kiume na za kike katika umoja, na grandi katika wingi. Vichache, kama blu, havibadiliki kabisa.

Katika kugawa silabi, konsonanti iliyo peke yake kati ya irabu mbili huandamana na irabu inayoifuata (ti-mi-do), konsonanti maradufu hutenganishwa (bel-lo), nayo l, m, n au r inayotangulia konsonanti nyingine hubaki nyuma (al-to, stan-co). Kimaandishi, s huandamana na konsonanti inayoifuata (fre-sco, o-ne-sto), ingawa kimatamshi huegemea silabi iliyotangulia.

Mkazo ndio unaodai uangalifu mkubwa zaidi, kwani kwa kawaida hauandikwi isipokuwa uangukapo kwenye irabu ya mwisho. Vivumishi vingi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, lakini vingine, viitwavyo sdruccioli, huuweka kwenye ya tatu. Tahajia ya facile (-epesi) na ya gentile (-pole) haidokezi kwamba la kwanza hutamkwa fàcile na la pili gentìle. Hivyo anayejifunza kivumishi bila mkazo wake amejifunza nusu tu. Viambishi tamati husaidia: -oso hubeba mkazo wake (famóso), na -issimo, kiambishi cha kuzidisha sifa, huuweka daima kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho (bellìssimo).

Athari ya mkazo hufika hadi kwenye wingi. Vivumishi vyenye -ico, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hulinda sauti ya k kwa kuongeza h: antìco huwa antichi. Ukiwa kwenye ya tatu, c hugeuka kuwa sauti ya ch ya Kiswahili: simpàtico huwa simpatici. Càrico, ambacho wingi wake ni carichi, hukiuka kanuni hiyo. Maumbo ya kike hayana utata huo, kwani k hubaki daima: antiche, simpatiche. Vilevile natìo, ambacho i yake ina mkazo, huwa natii, ilhali sèrio huwa seri.