Toni na hali ya kihisia (fasihi)

Toni ni msimamo wa nafsineni (anayezungumza katika shairi) kuhusu jambo analolizungumzia, kama kejeli, nasaha au majuto. Hali ya kihisia ni athari anayoipata msomaji. Zote mbili hujengwa kwa uteuzi wa maneno, taswira na mapigo. Katika utenzi wa *Al-Inkishafi*, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake kwa toni ya kuonya na kusuta. Taswira za mji wa Pate ulioanguka, ambako madaka yaliyopangwa vyombo vya kaure yamegeuka viota vya ndege, humtia msomaji huzuni. Si lazima toni na hali ya kihisia zilingane: toni ya mzaha yaweza kuzaa simanzi. Katika mitihani ya Kiswahili nchini Kenya, mtahiniwa huulizwa toni ya shairi na kutakiwa kuithibitisha.