Tope, Lami na Propela: Historia ya Magari Yaliyonyanyuliwa Songea

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ni mji ambao reli haikuwahi kuufikia, na ukweli huo mmoja unaeleza sehemu kubwa ya ufundi wa magari uliokua humo. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, haikuvuka ukanda wa Nachingwea na Masasi, nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. TAZARA, reli iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, ilipita Makambako, mwendo wa takriban kilomita 300 kutoka Songea. Kwa hiyo kila gunia la mahindi, kila robota la tumbaku na kila mfuko wa kahawa ya milima ya Umatengo ulitegemea gari, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 gari hilo lilipita juu ya udongo mtupu. Gari la udongo hunyanyuliwa, na gari lililonyanyuliwa huanza, siku moja, kutetema chini ya sakafu. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba tope ndilo lililozaa desturi ya kunyanyua magari, lakini lami ndiyo iliyoufichua mtetemo, na ndiyo maana kasoro hiyo huonekana ngeni hata kwenye gari lililokwisha kutembea miaka mingi bila lalamiko.

Kabla ya magari, mizigo ya Ungoni, nchi ya Wangoni, ilibebwa vichwani. Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1897, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho, ambayo karakana zake ziliwafundisha vijana wengi kazi za mbao, za chuma na hatimaye za magari; lakini hata katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambamo Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa, chakula na silaha vilisafiri kwa miguu ya wapagazi. Lori liliingia katika maisha ya kawaida ya wilaya chini ya Waingereza, likapata kazi ya kudumu pale wakulima wa tumbaku walipokuwa na chama chao cha ushirika, Ngoni-Matengo, kilichofahamika kwa kifupi NGOMAT, mwaka 1936. Malori yalibeba watu pia, kwa sababu Songea ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, hasa baada ya wenye mashamba hayo kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944.

Nchi yenyewe haikuwa rafiki wa tairi. Mvua za Ruvuma huja katika msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo udongo mwekundu hugeuka utelezi juu ya matuta na dimbwi katika mabonde, wakati njia ya kwenda Mbamba Bay inalazimika kupanda milima ya Umatengo na kisha kuteremka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Magari yaliyovumilia hali hiyo, kuanzia malori ya Bedford hadi Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na baadaye Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40 na wa 70, yalikuwa na muundo mmoja wa msingi: ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja, ikiwa na difu katikati, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, na juu yake springi za mabapa, ambazo ni vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa yubolti. Muundo huo ulikuwa mwepesi wa kunyanyua. Fundi aliongeza mabapa kwenye springi ili zisilale mno chini ya mzigo, au aliweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, au alirefusha viungio vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi. Inafaa kukumbushwa, kwa kuwa wenye magari wengi hulisahau, kwamba hakuna hata moja kati ya njia hizo inayoliinua difu kutoka kwenye tope. Difu huinuliwa na tairi kubwa tu, na kazi ya kunyanyua springi ni kuipatia tairi hiyo nafasi, kuweka chesisi na tangi la mafuta mbali na mawe, na kuuzuia mzigo usilifikishe bodi kwenye ekseli.

Gharama ya unyanyuaji hulipwa na propela. Propela ni bomba la chuma linalobeba mzunguko kutoka kwenye giaboksi, ambayo imefungwa kwenye chesisi, hadi kwenye difu, ambalo hupanda na kushuka pamoja na magurudumu, na kwa kuwa ncha zake mbili hazikai kamwe katika mstari mmoja, kila ncha huwa na krosi, kipande chenye umbo la msalaba kinachounganisha uma mbili za chuma huku kila mkono wake ukizunguka ndani ya kikombe chenye beringi za sindano. Kiungo hicho ni cha kale kuliko gari. Gerolamo Cardano wa Italia, aliyeishi kati ya 1501 na 1576, alihusishwa nacho kiasi kwamba propela bado huitwa kwa jina lake katika lugha nyingi za Ulaya. Robert Hooke wa Uingereza alikieleza na kukitumia katika vyombo vyake vya miaka ya 1670. Mfaransa Jean-Victor Poncelet alikichambua kihisabati mwaka 1824. Na Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hataza yake mwaka 1903, ndiye aliyekifanya kiwe sehemu ya kudumu ya gari, mahali ambapo magari mengi ya awali yalitumia mnyororo.

Hooke na waliomfuata walitambua kasoro ambayo kila fundi wa Songea hukutana nayo hata kama hakusikia jina la Hooke: krosi moja ikipinda haipitishi mzunguko kwa usawa. Giaboksi ikizunguka kwa kasi moja isiyobadilika, propela iliyo upande wa pili wa krosi huharakishwa mara mbili na kucheleweshwa mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri pembe inavyokua ndivyo tofauti inavyopanuka. Kwa pembe ya nyuzi 5 kasi hupanda na kushuka kwa chini ya nusu ya asilimia 1; kwa nyuzi 10 hufika kama asilimia 1.5, kwa nyuzi 20 hukaribia au kuzidi asilimia 6. Pembe ikiongezeka maradufu, usumbufu huongezeka takriban mara nne. Krosi ya pili, iliyo kwenye difu, huwekwa ili itengue kosa la ile ya kwanza, lakini huweza kufanya hivyo kwa masharti mawili tu: pembe za ncha zote mbili zilingane, na uma mbili zilizo kwenye propela yenyewe zikae katika bapa moja. Hata masharti hayo yakitimia, propela iliyo katikati bado huongeza na kupunguza mwendo, na uzito wake husukuma giaboksi na chesisi kila inapofanya hivyo.

Chukua propela ya urefu wa mita 1.2 katika gari lililonyanyuliwa sentimita 10: difu hubaki chini wakati giaboksi inapanda, na pembe huongezeka karibu nyuzi 5. Gari lililotoka kiwandani na nyuzi 5 sasa lina 10, na usumbufu wake umekuwa mara nne. Iwapo unyanyuaji ulifanywa kwa kurefusha viungio vya nyuma vya springi, ekseli nayo huwa imejipindua kidogo, pua ya difu ikitazama juu kuliko zamani, kwa hiyo pembe mbili hazilingani tena na krosi ya pili haiwezi kulifuta kosa la ya kwanza. Bomba lenyewe pia huhitaji urefu zaidi, na sehemu yake yenye meno, ambayo huteleza ndani ya mwenzake ili kufuata mwendo wa springi, hubaki imeshikana kwa meno machache.

Hapo ndipo historia ya barabara inaporudi. Gari lenye tairi za 7.50-16, ambazo kipenyo chake ni kama sentimita 80, na difu la uwiano wa 4.1 kwa 1, huzungusha propela yake kama mara 800 kwa dakika linapokwenda kilomita 30 kwa saa, na karibu mara 2,200 linapokwenda kilomita 80. Nguvu ya mtetemo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo safari ya pili hutikisa mara saba ya safari ya kwanza. Katika njia ya udongo, ambako kilomita 30 kwa saa ilikuwa mwendo wa kujivunia na ambako mashimo yenyewe yalimtikisa dereva na utingo wake kuliko chuma chochote, mtetemo wa propela haukuwa na nafasi ya kusikika. Lami kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, ndiyo iliyoondoa kelele za barabara na kulipa gari mwendo. Lori lile lile, lenye springi zile zile zilizoongezwa kwa ajili ya tope, sasa lilikuwa na uwezo wa kuvuma sakafuni na kutetemesha usukani likivuka kilomita 60 kwa saa, na lawama ya kwanza katika hali kama hiyo huiangukia tairi, ambayo mara nyingi haina hatia.

Wakati huo huo vipuri vilikuwa adimu. Upungufu wa fedha za kigeni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 uliifanya krosi mpya kuwa kitu cha kusubiriwa, na masharti ya uagizaji yalianza kulegezwa mwaka 1984, kisha kwa upana zaidi baada ya Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 1986, ambapo magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kumiminika pamoja na vipuri vyake. Uhaba wa namna hiyo humfunza fundi kuchomelea, kukereza na kuokoa, na hakuna anayeweza kuudharau ujuzi huo. Ila una upande wake wa hasara, kwa sababu propela iliyokatwa na kuungwa kwa jicho huweza kuacha uma zake zimepishana hata kwa nyuzi chache, na kosa hilo halionekani mpaka gari lifike kwenye lami. Kosa hilo hilo hutokea bila kuchomelea: propela hufunguliwa ili meno yake yasafishwe na kupakwa grisi, kisha hurudishwa jino moja au mawili mbali na mahali pake. Fundi mwangalifu huchora alama pande zote mbili kabla ya kuitenganisha, na viwanda vingi hupiga mishale kwa ajili hiyo hiyo, ingawa kwenye gari la Songea mshale huo kwa kawaida uko chini ya tabaka la udongo mkavu.

Kutofautisha sababu ni nusu ya kazi. Propela iliyopoteza uzito wake wa usawa, kwa kugongwa na jiwe au kubeba tope lililoganda, hutikisa mara moja kwa kila mzunguko na hufuata kasi tu. Propela yenye pembe mbaya hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko na huzidi pale dereva anapokanyaga mafuta, hasa kwenye kilima, kisha hupungua gia inapotolewa. Baada ya hapo hupimwa pembe, kazi isiyohitaji mashine yoyote ya gharama: pimamaji ya mwashi, rula na kamba yenye timazi vinatosha, kwa kuwa mteremko wa sentimita 1.75 kwa kila mita ni uzi 1. Tofauti kati ya pembe za ncha mbili haipaswi kuzidi uzi 1, na kila krosi yapaswa kubaki na pembe ndogo, walau nusu ya uzi, ili beringi zake za sindano zizunguke badala ya kuchimba mahali pamoja.

Tiba inayotangulia, na kwa maoni ya mwandishi wa insha hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ni kabari: kipande cha chuma chenye unene unaopungua, kinachowekwa kati ya springi na ekseli ili kuigeuza pua ya difu mpaka pembe zilingane, na yubolti zake hukazwa tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Kwenye malori marefu, ambayo propela yake imegawanywa vipande viwili na kushikiliwa katikati na beringi iliyofungwa kwenye chesisi, beringi hiyo hushushwa kiasi kinacholingana na unyanyuaji, jambo linalogharimu vipande vichache vya chuma na bolti ndefu. Ikiwa meno ya kuteleza yameshikana kwa kiasi kidogo, bomba hurefushwa, na hapo kukereza na kusawazisha uzito hakuepukiki. Njia ya mwisho ni krosi pacha, yaani krosi mbili zilizounganishwa na kikombe kimoja upande wa giaboksi, ambazo hufuta kosa zenyewe kwa zenyewe na kuiruhusu pua ya difu ielekezwe moja kwa moja kwenye propela. Viwanda huitumia kwenye baadhi ya magari ya kwenda porini, lakini kwa lori la mahindi bei yake haihalalishwi.

Lami iliendelea kuenea. Mkataba wa msaada wa Marekani uliotiwa saini mwaka 2008 uligharimia barabara za Songea hadi Namtumbo na Peramiho hadi Mbinga, na baadaye Tunduru na Mbamba Bay ziliunganishwa pia, huku uchimbaji wa makaa ya mawe huko Ngaka, ulioanza mwaka 2011, ukiongeza malori mazito kwenye njia ya Makambako. Hata hivyo vijiji vingi vya kandokando bado hufikiwa kwa udongo, na gari linalotoka shambani huko huingia kwenye lami siku hiyo hiyo, kwa hiyo fundi hapangi tena pembe kwa ajili ya barabara ya aina moja. Anachopaswa kuuliza kwanza ni mzigo. Springi zilizoongezwa mabapa hulala chini ya tani za mahindi na kuirudisha pembe ya propela karibu na ile ya kiwandani, kisha huinuka tena mzigo unaposhushwa, na kwa sababu hiyo lori linalopeleka nafaka Makambako kwa utulivu hurudi Songea tupu likitetema njia nzima. Pembe iliyopimwa gereji, lori likiwa halina kitu, ni pembe ya safari ya kurudi.