Kutanua Mboni si Kufungua Macho

Shangazi yangu alirudi nyumbani Mikinduri kutoka kliniki ya macho akiwa na chupa ndogo yenye kifuniko chekundu. Alikuwa ameenda kupimwa kwa sababu ya sukari. Alitiwa matone, akakaa kwenye benchi kama nusu saa, akamulikwa ndani ya jicho, akaambiwa arudi baada ya mwaka. Alipokuwa akiondoka aliomba dawa iliyobaki, na mtu fulani akampa. "Hii ndiyo ya kufungua macho," alituambia, akaiweka kando ya redio. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alijitia tone moja kila jicho. Siku ya tatu alilalamika kwamba jua limekuwa kali kupita kiasi na maandishi ya simu yamekuwa ukungu mtupu. Akadhani ugonjwa unazidi, akaongeza tone la jioni.

Aliyemhudumia hakukusudia kumdanganya. Alimwambia, "Mama, nakuwekea dawa ya kufungua jicho," na nimewasikia wahudumu wengine wakisema hivyohivyo. Lakini katika Kiswahili kufungua macho ni jambo kubwa. Kitoto cha paka hufungua macho ndipo kianze kuona. Mtu aliyeerevuka tunasema amefunguka macho. Kwenye Injili, kipofu hufunguliwa macho akatembea bila kushikwa mkono. Mgonjwa anayeona kwa shida akiambiwa kuna dawa ya kufungua macho, ameahidiwa kuona. Kwa nini aiache kliniki?

Istilahi ya kitabibu ni midriasisi, neno la asili ya Kigiriki. Kulichukua lilivyo kunawafaa madaktari wanapoandikiana, lakini kwa mgonjwa halisemi lolote. Tafsiri ninayoitetea ni mtanuko wa mboni, na dawa yenyewe ni matone ya kutanua mboni. Ndefu kidogo, ndiyo, lakini kila neno hapo lina kazi.

Tuanze na mboni. Katika lugha nyingi za Kibantu kuona ni bona. Kiswahili kiliidondosha b kwenye kitenzi, ikabaki ndani ya mboni. Kwa hiyo jina lenyewe limebeba tendo la kuona. Walatini walipita njia nyingine: waliiita kidoli, kwa sababu ukimtazama mtu karibu unaiona sura yako ndogo imesimama ndani ya jicho lake. Sisi pia tuna mtoto wa jicho, ila tumempa jina hilo ugonjwa wa lenzi kuingia ukungu. Wafasiri wachanganye watakavyo mengine, lakini hayo mawili yasichanganywe kamwe: mboni ni tundu, na mtoto wa jicho ni ugonjwa.

Naam, tundu. Mboni huonekana nyeusi kwa sababu ndani ni giza, kama mlango wa nyumba mchana wa jua. Sehemu ya rangi inayoizunguka ina misuli ya aina mbili: mmoja wa mviringo unaoibana mboni, na mwingine uliotandazwa kama tindi za gurudumu la baiskeli, unaoivuta nje. Tropikamaidi huulegeza ule wa mviringo. Fenilefrini huukaza ule wa kuvuta. Mboni iliyokuwa na milimita 2 au 3 kwenye mwanga hufika 7 au 8, na mpimaji huweza kuchungulia hadi retina kutafuta mishipa ya damu iliyoharibiwa na sukari. Macho ya kahawia iliyokolea kama yetu huchelewa kutanuka, kwa kuwa rangi yenyewe huishika dawa. Ndiyo maana huongezewa tone na kusubirishwa zaidi.

Kuhusu kitenzi, wapo wanaosema kupanua. Kwa sikio langu, kinachopanuliwa hubaki hivyo: barabara, shamba, biashara. Mapafu hutanuka kisha yakarudi. Mboni nayo hurudi, na mgonjwa anapaswa kulisikia hilo ndani ya neno. Kwa tropikamaidi hurudi baada ya saa 4 hadi 8 hivi. Atropini ni nyingine kabisa. Athari yake yaweza kukaa wiki moja au mbili.

Mtu akiyaelewa maneno hayo, tahadhari zinafuata zenyewe. Tundu likiwa wazi, mwanga wote unaingia, na Mikinduri iko karibu mno na ikweta. Kwa hiyo kofia pana au miwani ya jua, na mtu wa kumshika mkono kwenye njia za miteremko. Asiendeshe pikipiki wala gari mpaka aone sawasawa. Asitie sahihi karatasi asiyoweza kuisoma. Baada ya tone, abonyeze kwa kidole kona ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika moja au mbili, ili dawa isishuke puani na kuingia kwenye damu.

Fenilefrini yaweza kupandisha presha ya damu, hasa ile kali ya asilimia 10. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kutiwa. Na hapa Tigania na Igembe kuna la ziada ambalo karatasi ya dawa haitalitaja: miraa. Kathinoni iliyo ndani yake nayo hutanua mboni na kuharakisha moyo. Aliyekuwa akitafuna asione haya kumwambia mpimaji.

Tena wapo watu wachache ambao jicho lao lina pembe finyu pale maji ya ndani yanapotokea. Mboni ikitanuka, sehemu ya rangi hukunjamana ikaiziba pembe hiyo, na presha ya jicho hupanda ghafla. Dalili zake ni maumivu makali ya jicho na kichwa, jicho kuwa jekundu, kuona duara za rangi kuzunguka taa, na kutapika. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo, kwa sababu ikingojewa kesho upofu waweza kuwa wa kudumu.

Wazazi niwaeleze jambo moja kwa uzito wake. Chupa ya mililita 5 ya atropini ya asilimia 1 ina miligramu 50 za dawa, kiasi kinachoweza kumuua mtoto mdogo akiinywa. Mtoto aliyeandikiwa matone hayo akipata homa, uso ukawa mwekundu, mdomo ukakauka au akaanza kuweweseka, matone yasimamishwe na apelekwe hospitalini. Chupa ikae juu, mbali na mikono yake. Atropini hiyohiyo na ndugu zake wamo ndani ya mranaha, magugu yenye tunda la miiba, na kwenye yale maua marefu ya tarumbeta yanayopandwa kuwa ua katika nyanda za juu. Mtu akikata ua huo kisha akajifikicha jicho, mboni moja yaweza kutanuka na nyingine ikabaki ndogo, familia nzima ikadhani ni kiharusi. Anawe mikono, kisha aonwe na daktari hata hivyo.

Shangazi tulimwomba chupa, akaitoa shingo upande. Baada ya siku moja mboni zake zilikuwa zimerudi, na jua likawa jua la kawaida. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Basi mbona waliiita ya kufungua macho?"

Enyi wahudumu wa macho, kuanzia Mikinduri hadi Meru na Embu, mwambieni mgonjwa hivi: "Mama, natanua mboni ili mimi nione nyuma ya jicho lako. Wewe utaona ukungu hadi jioni, kisha itarudi. Dawa hii ni ya kupimia, haitibu, na inabaki hapa."