Kuku wa Nyangwe na tambi za mchele

Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto Lualaba, mtu mmoja alikuwa akivutana na muuzaji juu ya bei ya kuku, kisha akamshika kuku yule kwa nguvu. David Livingstone, Mskoti aliyekuwa mjini tangu mwisho wa Machi akitafuta mtumbwi wa kuvukia, alimwona. Soko lilikuwa na watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake waliotoka vijiji vya pande zote mbili za mto. Aliona pia watu watatu wa msafara wa Dugumbe, mfanyabiashara kutoka pwani, wameingia sokoni na bunduki, akashangaa, akadhani ni wageni wasiojua desturi ya mahali. Alikuwa hajafika mbali aliposikia milio ya kwanza.

Wanawake waliacha bidhaa zao chini wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilibanana kwenye kijito, wengi wakajitupa majini, na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikisia kwamba waliokufa siku ile walikuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi na wino. Aliandika habari hizo juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino uliotengenezwa kwa matunda ya mti. Maandishi yake yalififia hata yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011.

Vitabu vingi vinaikumbuka Nyangwe kwa siku hiyo moja. Ni haki ikumbukwe. Lakini katika shajara hiyohiyo, wiki chache kabla ya risasi, yule mgeni alikuwa ameandika jambo jingine: waliokuja sokoni walileta nini, na walitaka nini. Huko ndiko kuna historia ya Nyangwe ambayo bado iko hai, kwa sababu tunaila kila siku. Nami ninaamini historia hiyo inaweza kutufundisha namna ya kumpokea mgeni wa karibuni zaidi chunguni mwetu, yaani tambi za kukaanga za Kichina zenye nyama ya kuku.

Soko lile lilikuwa la kubadilishana chakula kwa kitoweo. Wauza samaki walipita huku na huku wakiwa na vigae vilivyojaa konokono na samaki wadogo, au kambale waliokaushwa kwa moshi na kutungwa vijitini. Walitafuta mihogo iliyolowekwa kama siku tatu kisha ikakaushwa, viazi, nafaka, ndizi, unga. Palikuwa na mafuta ya mawese, chumvi, pilipili na kuku. Mama wa Nyangwe akisoma orodha hiyo leo, hataona kitu kigeni ndani yake. Hata zile siku tatu za kuloweka mihogo anazijua, maana ndizo zinazoondoa sumu na uchungu.

Tukiitazama orodha hiyo kwa makini, tutaona kwamba wageni walikuwa wamekwisha kujaa humo. Mihogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliivusha bahari ya Atlantiki tangu karne ya 16, nayo ikasafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka ikafika Lualaba kabla ya Mzungu yeyote kuuona mto huo. Kuku asili yake ni ndege wa porini wa Asia ya kusini mashariki, aliyefugwa huko maelfu ya miaka iliyopita. Kuku yule aliyegombaniwa mwaka 1871 alikuwa mzaliwa wa Nyangwe, lakini ukoo wake ulitoka mbali kuliko ukoo wa mtu yeyote aliyekuwapo sokoni.

Kisha ukaja mchele. Watu wa pwani waliofuata pembe za ndovu mpaka Maniema, eneo la Nyangwe, yaani Waarabu na Waswahili waliojiita Waungwana, walikuwa wamezoea wali tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Wali kwa kuku, basi, ni heshima ya pwani yenye umri wa karne nyingi. Wafanyabiashara hao walipofanya makazi Nyangwe na Kasongo, wakiwamo watu wa Dugumbe, Mwinyi Mtagamoyo na baadaye Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, hawakuweza kuishi kwa kungojea magunia kutoka Zanzibar. Njia ilikuwa ya miezi mingi kwa miguu. Walilima.

Neno “walilima” linaficha jambo zito. Mikono iliyofyeka, iliyopanda na iliyotwanga kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa na watu waliotekwa vijijini. Tunaposifu wali wetu, tusiisahau mikono hiyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mchele ulipewa jembe Maniema, ukakubali. Udongo, mvua na joto viliufaa. Daktari Sidney Hinde alifika pamoja na jeshi la Francis Dhanis, lililokuja kupigana na wafanyabiashara hao, likaingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Alieleza kwamba Kasongo ulikuwa mji uliozungukwa na mashamba mapana ya mpunga, mahindi na miwa, na bustani za michungwa, mapera na makomamanga. Vita viliuvunja utawala wa wafanyabiashara hao. Nyangwe, mji wa maelfu ya watu, ulibaki karibu magofu. Lakini mbegu haina bendera. Mpunga uliendelea kuota, na watawala wapya waliokuja kuwaondoa Waarabu wakala wali uleule.

Serikali ya Kibelgiji nayo iliung'ang'ania. Mwaka 1917 ilianzisha sheria ya kilimo cha lazima, na Maniema ikalimishwa mpunga na pamba chini ya amri, faini na kifungo. Zao lililoingia kwa biashara ya pembe na watumwa likaendelezwa kwa shuruti. Hata hivyo wananchi walilifanya lao. Leo Maniema inajulikana Kongo nzima kwa mchele wake, na wali kwa sombe ni chakula ambacho hakuna mtu atakayekuambia ni cha kigeni.

Nimeieleza njia hiyo ya mchele kwa sababu tambi zinafuata nyayo zake. Bakuli la tambi la kale kuliko yote linalojulikana lilifukuliwa Lajia, kaskazini magharibi ya China, na habari zake zilitangazwa mwaka 2005. Tambi hizo zilikuwa nyembamba, za manjano, zenye umri wa miaka ipatayo 4,000, na watafiti walisema zilitengenezwa kwa nafaka ndogondogo za jamii ya ulezi. Ngano ilikuja kutawala baadaye. Wachina huziita tambi za kukaanga chaomian: chao ni kukaanga kwa kugeuzageuza upesi juu ya moto mkali, mian ni tambi za ngano. Chombo chake ni karai jembamba lenye tumbo la mviringo, na kila kitu hukatwa vipande vidogo kabla ya kukaribia moto, ili kiive kwa dakika chache.

Wachina walifika Kongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1892 vibarua wapatao 540 waliletwa kutoka Macao kujenga reli ya Matadi. Wengi walikufa au wakatorokea porini katika muda mfupi. Upishi wao haukupata nafasi ya kukaa. Tambi zilizoenea duniani zilipitia mlango mwingine. Mwaka 1958 huko Japani, Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, alivumbua tambi za papo kwa papo kwa kuzikaanga na kuzikausha. Ladha ya kwanza aliyouza ilikuwa ya kuku. Tangu hapo pakiti za tambi zimepenya katika maduka ya miji mingi ya Afrika, kando ya spageti za Kiitaliano ambazo pwani yetu huziita kwa jina lilelile la tambi.

Hapo ndipo mpishi wa Nyangwe anapokutana na swali. Ngano haipendi joto la Maniema, na pakiti hufika kwa barabara mbovu, kwa pikipiki au kwa mtumbwi, bei ikiwa imepanda kila kituo. Je, tambi zitabaki chakula cha siku ya sherehe tu?

Jibu liko kusini mwa China kwenyewe, katika jimbo la Guangdong, ambako mpunga hustawi na watu hutengeneza tambi zao kwa mchele. Tambi pana za namna hiyo huitwa hefen. Nazo hazihitaji kiwanda. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa pamoja na maji mpaka uwe uji mwepesi, hutiwa wanga kidogo ili ushikane, na wanga wa muhogo unafaa sana. Sinia hupakwa mafuta, uji humiminwa juu yake safu nyembamba, kisha sinia hufunikwa na kuwekwa juu ya maji yanayochemka kwa dakika chache. Ukishaganda hupakwa mafuta, hukunjwa kama mkeka, na hukatwa vipande virefu kwa upana wa kidole.

Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, kwa hiyo achemshwe kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka alainike, achambuliwe, na mchuzi wake uwekwe kando. Mafuta ya karanga yanafaa kuliko mawese, kwa kuwa mawese yana ladha yake nzito na rangi yake. Karai lishike moto kwelikweli juu ya makaa. Tia kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi, geuza, tia kuku aanze kukauka kingo, kisha karoti na kabichi iliyokatwa nyembamba. Tambi ziingie mwisho, pamoja na kijiko kimoja kimoja cha ule mchuzi, ukizigeuza kwa upole zisikatike. Mchuzi wa soya ukipatikana, vema. Usipopatikana, chumvi, sukari kidogo na ndimu vitatosha. Usijaze karai: ukitia vingi kwa mara moja joto hushuka, na chakula huchemka badala ya kukaangika.

Tazama sasa kilichomo ndani ya karai hilo. Mchele uliletwa na Waungwana, muhogo ulivuka Atlantiki, karanga nazo zilitoka Amerika, na kuku ni uzao wa wale waliouzwa katika soko la 1871. Kilichotoka China safari hii ni maarifa ya mkono tu, na maarifa hayalipi nauli.

Jambo moja linaniuma. Tunajua mwaka ambao tambi za papo kwa papo zilivumbuliwa na jina la aliyezivumbua. Tunajua tarehe ambayo Dhanis aliingia Nyangwe. Lakini hatujui jina la mwanamke hata mmoja aliyeupika wali wa kwanza nyumbani kwake kando ya Lualaba, wala la yule aliyekuwa akiuza kuku asubuhi ile ya Julai. Waliijenga meza ya Maniema, na karatasi hazikuwataja.

Kwa hiyo ninakuomba, msomaji wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare: ukiwa na bibi aliye hai, keti naye kabla jua halijazama. Muulize mpunga uliingiaje kijijini kwao, nani alimfundisha kuupika, mama yake alikwenda soko gani na kwa njia ipi. Andika majibu yake pamoja na jina lake kamili. Livingstone aliandika kwa maji ya matunda juu ya gazeti kuukuu, na leo tunasoma. Sisi tuna kalamu na simu mkononi.