Rimiksi au kiporo?
Neno "rimiksi" limebebeshwa mizigo miwili: wimbo uliotiwa midundo mipya, na kanda ya zamani iliyosawazishwa tena bila kuongezwa ala. Kwa mzigo wa pili tunalo neno jikoni: kiporo. Chakula ni kilekile cha jana, kimepitishwa tu motoni. Msikilizaji wa Gulwe, mkoani Dodoma, anayeijua ilimba, ala ya vyuma ya Wagogo, hatahitaji maelezo. Albamu ya Chibite (1996) ya mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, ikisawazishwa upya, mlio wa vile vyuma ukasogezwa mbele kidogo ya sauti yake, hicho ni kiporo. Assembly (2002), ambamo alikutana na gitaa na mitambo ya Michael Brook wa Kanada, ni chungu kingine kabisa.

Wapo watakaopinga wakisema kiporo ni dharau. Sidhani. Maharage yaliyolala hugombewa, na mechi iliyoahirishwa tunaiita kiporo bila kumtukana mtu. "Kuchanganya upya" nako hakufai, maana kwetu aliyechanganyikiwa ni aliyevurugwa akili. Ila kiporo huungua: fundi akipandisha milio yote hadi ule ukimya katikati ukapotea, ameunguza. Hicho msitupakulie.