Chungu cha Ijumaa: historia ya vyakula vya sikukuu vya Wayahudi, kutokea jikoni

SEHEMU YA 1

Hivi unajua kuna wakati na mahali ambapo kubandika chungu cha dengu Ijumaa jioni kungeweza kumfikisha mama mahakamani, na mahakama yenyewe ilikuwa na uwezo wa kumtoa akachomwe moto?

Ni Hispania, mwishoni mwa karne ya 15. Wayahudi wengi walikuwa wamebatizwa, wengine kwa hiari, wengine kwa kutishwa. Mwaka 1478 Papa alitoa kibali cha kuundwa kwa mahakama ya kuchunguza imani za watu, Inkwizisheni, na kazi yake kubwa ikawa kuwasaka waliobatizwa ambao nyumbani bado wanaishi Kiyahudi. Sasa mtu akifunga mlango wake utajuaje anaishije? Unauliza habari za jikoni. Dada wa kazi na majirani waliitwa kutoa ushahidi. Huyu mama anaondoa mafuta yote kwenye nyama kabla ya kupika. Huyu Jumamosi hawashi moto. Huyu Ijumaa anabandika chungu cha dengu, nyama na mayai, anakiacha usiku kucha, kesho yake wanakula. Chungu hicho kiliitwa adafina.

Mwaka 1492 Wayahudi waliokataa ubatizo walifukuzwa nchini. Waliobaki hawakuwa na sinagogi wala mwalimu. Kilichobaki ni nyumba, na ndani ya nyumba, mama. Ndiyo maana kwenye kesi zile wanawake ni wengi sana.

Kwa nini apike Ijumaa? Sabato ya Wayahudi inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi usiku. Torati, kitabu cha Kutoka sura ya 35, inakataza kuwasha moto siku hiyo, na kupika pia ni kazi. Lakini siku hiyohiyo mtu anatakiwa ale vizuri, afurahi. Umeona mtego? Chakula kizuri, cha moto, na moto huruhusiwi kuuwasha. Jibu la akina mama likawa: bandika kabla jua halijazama, funika vizuri, acha moto mdogo au majivu ya moto yafanye kazi wewe ukiwa umelala.

Neno adafina limetoka kwenye Kiarabu, kitu kilichofukiwa, kwa sababu chungu kilizikwa kwenye makaa na majivu. Sisi tunalo neno hilohilo: dafina, yaani hazina. Mimi nilipoligundua hilo nilitabasamu peke yangu.

Waliokwenda Moroko waliendelea na chungu chao, wakakiita skhina, “cha moto”: dengu, ngano, nyama, mayai mazima na maganda yake. Wenzao wa Polandi na Lithuania, kwenye baridi kali, waliweka maharage na shayiri, na viazi vilipoenea huko karne ya 19 navyo vikaingia. Wao wanakiita cholent. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na jiko la kuhimili usiku mzima, kwa hiyo chungu kilipelekwa kwa mwoka mikate wa mtaani, mdomo umezibwa kwa unga uliokandwa, kikaachwa kwenye tanuri lake. Jumamosi mchana, baada ya sala, watu walikwenda kuchukua kila mtu cha kwake. Sheria ilikuwa moja, ila kila mama alijaza chungu chake kwa kilichokuwepo sokoni kwao.

SEHEMU YA 2

Pasaka ndiyo kazi hasa. Naongelea Pasaka ya Wayahudi, kumbukumbu ya kutoka utumwani Misri. Siku saba, na nje ya Israel wengi wanashika nane, hakuna kitu chochote chenye chachu kinacholiwa wala kuwekwa ndani ya nyumba. Nyumba inasafishwa mpaka mifuko ya makoti. Usiku wa kuamkia mkesha wanazunguka na mshumaa kutafuta chembe za mkate. Watoto wanaipenda sana hiyo, ni kama mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa.

Mkate wa siku hizo ni matza. Ni unga na maji basi. Kuanzia maji yanapogusa unga hadi mkate kuiva, hairuhusiwi kupita dakika 18, la sivyo unga unahesabiwa umeanza kuchachuka. Ndiyo maana kazi hii hawafanyi mtu mmoja: huyu anakanda, huyu anasukuma, huyu anatoboatoboa, huyu yuko kwenye tanuri. (Kama muuguzi nikuambie tu, wiki nzima ya matza tumbo linafunga. Wanaijua hiyo na wana utani wao juu yake. Maji na matunda.)

Hapa Wayahudi wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana. Wa Ulaya ya Kaskazini na Mashariki, tangu zama za kati, waliacha pia wali na maharage wakati wa Pasaka, wakihofia punje za ngano kuchanganyika humo. Wa Iraq na nchi nyingi za Kiarabu waliendelea kula wali. Lakini! Lazima mchele uchambuliwe punje kwa punje, na desturi ni kuurudia mara tatu, kuhakikisha hakuna hata punje moja ya ngano au shayiri. Mwone huyo mama wa Baghdad na sinia lake la mchele mapajani. Mimi na wewe tunachambua kwa sababu ya mawe. Yeye anatafuta ngano, lakini mkono ni uleule.

Kuna kitu kimoja kwenye meza ya Pasaka watoto hawakisahau: haroseti. Ni mchanganyiko mtamu wenye rangi ya udongo, kukumbusha udongo wa matofali waliyofyatua utumwani. Wa Ulaya Mashariki wanasaga tufaa na jozi, mdalasini na divai kidogo. Wa Iraq wanatumia asali ya tende na jozi juu yake, kitu ambacho mtu wa Pemba au Mombasa angekijua kwa ulimi kabla hajaambiwa jina. Ukitengeneza kwa ajili ya watoto chini ya miaka mitano, jozi zisage kabisa, vipande vinakaba.

Na kwa kuwa nimetaja utamu: kwenye Mwaka Mpya wao, Rosh Hashanah, wanachovya tufaa kwenye asali ya nyuki ili mwaka uwe mtamu. Nzuri sana. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja usimpe asali, ya sikukuu wala ya kikohozi, hata ya kulambisha kidole. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumua.

SEHEMU YA 3

Sasa mtaniuliza, sheria zote hizi, mgonjwa je? Mjamzito je?

Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, ni mfungo wa kama saa 25, hakuna chakula hata maji. Ni siku nzito kuliko zote. Na bado Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa karibu mwaka 200, unasema mjamzito akisikia harufu ya chakula siku hiyo akazidiwa, alishwe mpaka nafsi yake itulie. Sheria inasimama, mama anakula. Kwao kuokoa uhai kunatangulia karibu amri zote. Nimefanya kazi wodi ya wazazi muda wa kutosha kujua ni wajawazito wangapi wanahitaji kusikia jambo kama hili kutoka kwa viongozi wao wa dini.

Kanuni hiyo ilijaribiwa pabaya kuliko pote mwaka 1944, kambi ya Bergen-Belsen, kaskazini mwa Ujerumani. Pasaka ilifika. Chakula kilikuwa mkate kidogo, mkate wa chachu, na matza hakuna. Marabi kutoka Uholanzi waliokuwa wafungwa humo waliamua watu wale mkate ule, ili waishi. Wakatunga na sala ya kusomwa kabla ya kuula. Fikiria: sala ya kula kilichokatazwa, kwa sababu Mungu huyohuyo ameamuru uishi.

Mwaka huohuo kwenye kambi nyingine, Theresienstadt, ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki, wanawake wenye njaa walikuwa wanaandika mapishi. Mapishi ya keki, ya maandazi ya kuchemsha, ya bata aliyejazwa. Vipimo vya mayai na siagi ambavyo hawakuwa wameviona siku nyingi. Wengine walisahau kiungo katikati, njaa inakula kumbukumbu. Mmoja wao aliitwa Mina Pächter. Alifariki humo kambini Yom Kippur ya 1944, na kabla ya kufa alimkabidhi rafiki yake kifurushi cha karatasi hizo ampelekee binti yake, Anny, aliyekuwa amefanikiwa kutoroka Ulaya. Kifurushi kilipita mikono kadhaa. Kilimfikia Anny jijini New York mwaka 1969, miaka 25 baadaye. Kilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1996.

Mtu anakufa kwa njaa, na urithi anaomwachia mwanawe ni namna ya kupika. Niseme tu ukweli, sehemu hii niliiandika nikasimama mara mbili.

SEHEMU YA 4

Tusogee karibu na nyumbani. Mashariki ya Uganda, maeneo ya Mbale, kuna Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa mkuu wa vita aliyesoma Biblia mwenyewe na mwaka 1919 akaamua kufuata Torati na watu wake. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengi waliiacha, na waliobaki waliishika kwa kificho. Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi letu na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Wayahudi ilikuwa inaanza.

SEHEMU YA 5

Wengi mtataka kujaribu chungu chenyewe. Haya, ila sikiliza kwanza mambo mawili.

La kwanza ni jiko. Usithubutu kuacha jiko la mkaa usiku ndani ya nyumba mnamolala, hata dirisha likiwa wazi. Ile gesi haina harufu na huua familia nzima usingizini. Kipike mchana, nje, saa sita au saba.

La pili, maharage mekundu. Yana sumu ya asili ambayo moto wa taratibu hauiondoi. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo uyatie kwenye chungu.

Chini weka vitunguu, usitupe maganda yake, kisha maharage, shayiri au ngano ya kukoboa, viazi vizima, nyama yenye mfupa, kitunguu saumu, bizari na chumvi. Usitie maziwa wala siagi, kwao nyama na maziwa havikutani. Mayai yaoshe, yaweke mazima juu pamoja na yale maganda ya vitunguu. Maji yafunike vyote. Kikichemka, punguza moto, funika kabisa na usikoroge. Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kiporo kichemke tena ndipo mtoto ale.

Mayai ukiyamenya utayakuta ya kahawia mpaka ndani. Watoto watakuuliza nani kayapaka rangi.